Mheshimiwa Alivyohudhuria Maziko ya Bibi

Wako watu ambao aibu yao waijua wao na Mola wao tu, na hao nawaonea wivu. Yangu mimi waijua watu kuanzia Msambweni mpaka Shimoni. Hata leo ukifika Ramisi ukamuulizia Salimu, utaulizwa nawe, "Salimu yupi, yule Ajenti?" na huyo atakayekuelekeza atakuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha atakumbuka kile kicheko kilianzia wapi, atakikata, atasema "lakini masikini," na hapo ndipo utajua kwamba umeelekezwa kwangu.

Sijawahi kuwa ajenti wa mtu yeyote. Sijawahi kusimamia kura, sijawahi kusimama kwenye mkutano wa siasa zaidi ya kupita njia, na mwaka huo ninaousimulia sikuwa hata na kitambulisho, nilikuwa mvulana wa fom tatu mwenye chunusi na sauti isiyojua ikae juu au chini. Jina nililipata mazikoni. Simjui mwingine aliyepewa jina la siasa mazikoni, tena maziko ya bibi yake mwenyewe, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa kila mtu amekwisha kuisimulia kwa namna yake (nimeisikia kinyozi, nimeisikia harusini, mara moja nilisimuliwa mimi mwenyewe na mtu asiyenijua) naona leo niisimulie mimi.

Nianze na nyumba, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumba. Wenzangu walikuwa na mpira na pwani na kuketi darajani wakihesabu lori za miwa, mimi nilikuwa na Bibi. Nilikuna nazi, nilichambua mchele, nilijua kiberiti kiko wapi na mkasi uko wapi na ni mguu upi wa meza haufai kuegemewa. Vijana waliniita mwari, yaani msichana aliyetiwa ndani kungoja mume, wakipita nje wanauliza, "Mwari, posa imefika?" na Bibi akiwajibu kutoka jikoni, "Imefika, lakini si ya mama yako." Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo akaenda Tanga kununua nyavu, na nadhani mpaka leo anazichagua. Kwa hiyo tulikuwa watatu, Bibi, Mama na mimi, na juu yetu walikuwa wajomba wawili. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuletewa salamu tu, mjomba ndiye anayekuuliza umekula nini na umefeli kwa nini.

Mkubwa ni Mjomba Hamadi, seremala, nyumba yake iko mtaa wa pili na karakana iko Msambweni, mtu wa maneno machache ambaye akipima ubao mara moja hapimi tena. Mdogo ni Mjomba Rama, alikuwa mhudumu wa hoteli huko Diani, mcheshi, viatu vinang'aa, anasema "no problem" hata pale tatizo linapoonekana na kila mtu. Walipendana sana hawa. Mama, ambaye ni dada yao wa katikati, husema kwamba walipokuwa watoto akichapwa mmoja walilia wote wawili.

Kisha ukaja uchaguzi.

Waliokuwa huku mwaka ule mnakumbuka, na msiokuwepo nawaambia kwa ufupi: juu walishindana wakubwa wa taifa, lakini moto wenyewe uliwaka huku chini, kwenye kiti cha wadi. Mjomba Hamadi alikuwa na mtu wake, Mjomba Rama alikuwa na wake, na hao watu wao walikuwa chini ya wale wakubwa wawili wasioonana uso kwa uso. Rama alibandika picha ya mtu wake kwenye ukuta wa nyumba ya Bibi. Hamadi alipokuja aliibandua, tena si kwa kuichana, aliikwangua taratibu kwa patasi kama anayetengeneza mlango. Rama akabandika nyingine. Baada ya hapo wakawa wanakuja kumjulia hali mama yao kwa zamu, mmoja akimwona mwenziwe uani anageuza baiskeli.

Bibi yeye alimpokea kila aliyekuja. Watu wa Hamadi walileta leso yenye uso wa mgombea wao, akashukuru. Watu wa Rama wakaleta yao, akashukuru. Nilikuwepo siku zote mbili. "Kitambaa hakina chama," aliniambia. Na Hamadi akimuuliza, "Mama, si uko nami?" alijibu, "Niko nawe mwanangu." Na Rama akimuuliza hivyo hivyo alijibiwa hivyo hivyo. Alipelekwa kituoni siku ya kura akiwa tayari mgonjwa, akarudi na wino kidoleni, na alichokiandika kule ndani alikwenda nacho.

Mtu wa Rama alishinda. Kule juu mambo yakaenda mahakamani, upande wa Hamadi ndio uliokwenda kulalamika, na nchi nzima ikakaa kungoja majaji. Bibi naye akakaa anangoja kwa njia yake. Alikuwa amekonda, namtoa kitandani mpaka msalani kwa mikono, namrudisha. Siku moja alituita mimi na Mama akasema, "Nikifa wanishushe wote wawili. Hamadi kichwani, Rama miguuni. Nikishawekwa, wakitaka wauane, hapo mimi simo." Mama akamwambia asiseme hivyo. "Nimeshasema," akasema Bibi, akageukia ukutani.

Akafa wiki ile ile ya kungoja majaji.

Walikuja wote wawili. Sijui nani aliwaambia nini, lakini jeneza lilipotoka mlangoni Hamadi alikuwa mbele kulia na Rama mbele kushoto, bega kwa bega, na Mama alipowaona alilia upya, kilio cha namna nyingine. Nami moyoni nikasema, haya Bibi, umeshinda wewe. (Tazama, hata mimi nilikuwa natumia maneno ya uchaguzi.)

Makaburi yetu hayako mbali, ni nyuma ya mikorosho. Kaburi lilikuwa tayari, Mjomba Hamadi na Mjomba Rama wakashuka ndani, na Mwalimu Kassim wa madrasa, ambaye ni mtoto wa kaka yake Bibi, akashuka nao kuwaelekeza. Ndipo Mwalimu akainua kichwa akauliza, "Cha kusitiria kiko wapi?"

Kwetu mwanamke akizikwa hashushwi wazi. Watu wanne hushika kitambaa kikubwa juu ya kaburi, kila mmoja na ncha yake, na yeye hupitishwa chini yake, ili aliyesitiriwa maisha yake yote asije akaonekana umbo lake siku ya mwisho. Msikiti una kitambaa chake cha kazi hiyo, lakini siku hiyo kilikuwa kimechukuliwa kwa maziko mengine huko Bodo na hakijarudi. Watu wakatazamana. Kisha Mzee Bakari, jirani yetu, akanitazama mimi.

"Salimu, wewe ndiye wa nyumbani. Kimbia ulete shuka."

Nikakimbia. Sijasifiwa kwa mbio, lakini siku hiyo nilikimbia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuwa mtu wa nyumbani kunatajwa mbele ya wanaume kama sifa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo. Mashuka ya Bibi yalikuwa sandukuni, na sanduku lilikuwa chumbani, na chumba kilikuwa kimejaa wanawake mpaka mlangoni, wanalia, na juu ya sanduku lenyewe amekaa Bi Mwanakombo, ambaye ni mama mkubwa wa mwili na wa heshima, ameegemea ukuta, leso imemfunika uso. Ili nipate shuka ilinibidi nipige hodi, nipite katikati ya wanawake wote wale, niwaruke magoti, nimwambie Bi Mwanakombo, "Shikamoo, samahani, inuka." Mtu mwingine angefanya. Mimi nilisimama kwenye kizingiti nikatazama miguu yangu, nikaona haya, nikazunguka nyuma.

Dirisha la chumba cha Bibi halifungi, komeo lilivunjika zamani na ni mimi niliyelifunga kwa uzi. Ndani ya dirisha kuna rafu. Nikapenyeza mkono, nikapapasa, nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri, kipya, kizito. Nikavuta. Ilikuwa leso, lakini pea nzima haijakatwa, yaani mbili zimeungana kama zilivyotoka kiwandani, na nikajipongeza kwamba hii itafunika kaburi na kubaki. Upande uliokuwa juu ulionyesha pindo tu, nyeusi yenye vidoti vyeupe. Nikainusa. Ilinukia udi wa Bibi. Nikasema, anasitiriwa kwa kitu chake mwenyewe.

Niliinusa, lakini kuikunjua sikuikunjua.

Nilipofika nilikuwa nahema, wakanipokea, Mzee Bakari akashika ncha moja na majirani wawili wakashika zao, ya nne nikaachiwa mimi kwa heshima ya kukimbia. Tukavuta. Na jeneza lilikuwa tayari limesogezwa, Bibi yuko mikononi mwa watu anapitishwa, wakati leso ilipofunguka ukunjo wa mwisho na akatokea katikati yake, mkubwa kama beseni, yule mtu wa Mjomba Rama, aliyeshinda kiti, ana mwanya, ameinua dole gumba. Chini yake imeandikwa MTU WA WATU.

Mzee Bakari akasema "Lahaula" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu.  Kurudi nyuma hakuna, maiti yuko njiani. Nikatamani upepo, nikatamani mvua, nikatamani Bi Mwanakombo anikalie mimi badala ya sanduku. Na nikadhani labda wa chini hawataona, lakini jua lilikuwa juu na leso ni pamba, rangi zikapenya zikashuka mpaka kwenye sanda. Mjomba Hamadi, akiwa ameshampokea mama yake kichwani kama alivyousia, akainua macho.

"Rama," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Hata hapa?"

"Hata hapa nini?"

"Tazama juu."

Rama akatazama.  "Si mimi. Wallahi si mimi, kaka."

"Basi imeshuka na mvua."

"Jamani, mko kaburini," Mwalimu Kassim akawaambia. "Mshikeni mama yenu."

Hapo ilikuwa ni mimi kusema. Na niliposema nilidhani ninazima moto. "Ni mimi, mjomba. Nimeitoa chumbani kwa Bibi."

Nilimwona Mjomba Hamadi akiisikia. Haikumwingia kama nilivyotaka. Nilitaka asikie kwamba Rama hana kosa, yeye akasikia jingine.

"Alikuwa nayo mama?"

"Alikuwa nayo."

"Aliiweka?"

"Aliifukiza udi," nikasema, kwa sababu nilipoanza kusema ukweli nilishindwa kujua wa kutosha ni kiasi gani. Mjomba Hamadi akamtazama mama yake pale mikononi mwake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimpoze, nikaona hapa pamebaki neno moja tu la kuweka mizani sawa, nikainama juu ya kaburi nikasema kwa ile sauti yangu isiyojua ikae wapi, "Hata ya kwenu ipo, mjomba. Iko chini yake, rafuni."

Mtu mmoja akacheka.

Sijamjua ni nani mpaka leo. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyejizuia akashindwa, na kikamwambukiza wa pili, na wa pili akajifanya anakohoa. Kwenye maziko. Nimesikia watu wakinicheka mara nyingi baada ya hapo lakini hicho ndicho ninachokisikia mpaka sasa nikiwa peke yangu.

 Mjomba Hamadi alimwegemeza mama yake kichwa kwenye mikono ya Mwalimu Kassim, polepole, akaangalia kwanza kama Mwalimu amemshika sawasawa, kisha akapanda kutoka. Kaburi ni refu na udongo wetu ni mchanga, unapokanyaga unateleza, akatafuta cha kushika, akashika leso. Ncha aliyoivuta ilikuwa yangu. Ikanitoka. Na mheshimiwa akashuka na dole gumba lake, akamfunika Bibi, na Rama, na Mwalimu, wote pamoja.

Nawaambia sikumbuki nani aliitoa. Nakumbuka Mzee Bakari akigeuka, akaingiza mikono chini ya kanzu yake, akavua kikoi alichokivaa ndani akakitandaza juu ya kaburi, na kwa kuwa kilikuwa kidogo wanaume wakasogea wakasimama bega kwa bega kuziba palipobaki, wametazama nje, wamempa Bibi migongo. Wale wale waliocheka. Kisha sauti ya Mwalimu Kassim kutoka chini ikasema, "Haya, mjukuu. Shuka."

Sikuwahi kushuka kaburini. Niliposhuka nilibomoa ukingo, udongo ukamwagikia mgongo wa Rama, hakujipangusa. Mwalimu akanipa kichwa. Mikono yangu ikamjua Bibi kabla mimi sijajua ninafanya nini, ule uzito niliouzoea wa kutoka kitandani mpaka msalani, nikakaribia kumwambia "nishike shingo." Mwalimu akasema fungua fundo la kichwani, nikafungua. Akasema shavu liguse mchanga, tukaligusisha. Rama alikuwa miguuni, machozi yanamtiririka mpaka ncha ya pua, na mikono yake ina kazi hawezi kuyafuta. Nikakaa pale mahali pa Hamadi nikafanya kazi ya Hamadi, na nilipotoka nikamwona yeye mwenyewe kwa mbali kwenye mikorosho, amesimama na viatu mkononi, anatutazama. Talkini iliposomwa juu ya kaburi hakusogea. Tulipomaliza dua hakuwepo.

Laiti ingeishia hapo pengine pangepona. Mzee Bakari alimfuata karakana, akakaa naye kutwa, na kesho yake alasiri akafaulu kumleta matangani. Lakini habari huku kwetu haitembei na miguu yake, hupewa miguu na kila anayeipokea, na ilipomfikia mheshimiwa kule aliko ilikuwa imekuwa habari nyingine: kwamba kuna bibi kizee Ramisi aliyempenda mno hata akausia asitiriwe kwa leso yake. Akaja. Akaja na magari, na magunia ya mchele, na mtu wa kumpiga picha, akaketi mkekani akavua kofia, na baada ya fatiha akaomba kusema mawili matatu.

"Mama huyu," akasema, "alikuwa nasi mpaka kaburini."

Mjomba Rama, ambaye ndiye mtu wake, akainamisha uso mpaka nikaona shingo yake yote. Nami nilikuwa nimekaa karibu na lango ninagawa maji, kwa hiyo niliona kile ambacho wengine hawakukiona: Mjomba Hamadi amefika, Mzee Bakari yuko nyuma yake, amekwisha kuvua kiatu kimoja. Alisimama na mguu mmoja wazi mpaka mheshimiwa alipomaliza kulisema lile neno. Kisha akakivaa.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia. 

"Marahaba," akasema, akaondoka.

Hitima ya Bibi ilisomwa nyumba mbili, siku moja, saa moja. Watu walikula pilau ya kwetu wakaenda kula ya Hamadi, au walianza huko wakaja kwetu, na wakakutana njiani wakisalimiana kwa vidole vyenye mafuta. Mama alikaa mlangoni akisikia Kurani ya upande wa pili kwa kipaza sauti. Mimi nilikaa jikoni. Vijana wakipita hawakuniita mwari tena. "Ajenti," waliita, "mgombea wako anakusalimu." Bibi hakuwepo kuwajibu.

Siku chache baadaye hukumu ikatoka, ikasadifu na Idd ya Mfungo Tatu. Majaji wakasema uchaguzi wa juu umefutwa, urudiwe. Hamtaki niwasimulie kelele za siku hiyo, pikipiki zilipita na matawi ya miti, watu walipiga masufuria. Upande wa Mjomba Hamadi ndio uliopewa haki, na Mama akaona huo ndio mlango. "Leo atakuwa na furaha," akasema. Akapakia nyama na wali kwenye hotpoti, akanibebesha, tukaenda. Tukamkuta karakana, peke yake, anapiga randa. Siku ambayo watu wake wote wako barabarani yeye anapiga randa.

Mama akamwambia Idd Mubarak, akajibu. Akamwambia, "Kaka, nchi nzima imekosea, imeambiwa ianze upya. Wakubwa wale wote. Sisi ni watoto wa tumbo moja, tushindwe?"

Mjomba Hamadi akapuliza maranda kwenye ubao. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Kura hurudiwa, Mwanamisi," akasema. "Maziko hayarudiwi."

Kisha akanitazama mimi, akaniuliza shule inafungua lini.

Hotpoti alituletea mwanawe baada ya Idd. Imeoshwa, imekaushwa, na ndani hamna kitu. Huku kwetu chombo cha chakula hakirudi kitupu, hata ukikosa utatia chumvi, utatia limau moja. Mama alifungua kifuniko, akatazama, akafunga. Akakaa nayo mapajani kama anayeshika mtoto wa mtu.

Basi nchi ikarudia kura, wengine wakaenda na wengine wakakaa nyumbani. Miezi ikapita, na wale wakubwa wawili wasioonana uso kwa uso tukawaona wakipeana mikono mbele ya kamera wakiitana ndugu. Mtu mwenye mwanya akahama chama, na mtu wa Hamadi akamfuata, na uchaguzi uliofuata walisimama jukwaa moja, na kwa hiyo wajomba zangu nao wakajikuta upande mmoja. Wamekwenda mikutano ile ile. Wamepiga makofi hotuba zile zile. Hamadi hukaa mbele, Rama husimama nyuma, na mkutano ukiisha kila mmoja hutoka kwa njia yake.

Sasa kampeni zimeanza tena. Juzi wamepita watu na vitambaa, wakagonga, nikatoka (bado mimi ndiye wa nyumbani, nimemaliza shule, nimejaribu kazi ya hoteli Diani nikarudi, siwezi kulala mahali nisipojua komeo). Wakanipa leso imekunjwa vizuri, pindo nje. Nikaikunjua yote pale pale mlangoni mbele yao, mpaka mwisho, nikamtazama usoni aliyekuwemo, nikaikunja nikawarudishia. Nimeapa, na kiapo changu ni kidogo, si cha kuacha siasa kwa sababu sijawahi kuianza: hakiingii kitambaa ndani ya nyumba hii kabla sijakiona chote.

Kisha nikaenda dukani nikanunua shuka. Nyeupe, pana, haina ua wala herufi. Nikampelekea Mama.

"Wenzio hununua simu," akasema. "Wewe wanunua shuka. Ya nini?"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kujua. Akaifungua, akaishika juu dirishani, akaitazama upande huu, akaigeuza akautazama na ule. Siku hizi mgongo wamuuma na dawa za presha anazihesabu.

"Haya," akasema, akaikunja. "Iweke mahali anapopajua Hamadi. Siku yangu atumwe yeye."

Nikaichukua. Mjomba Hamadi hajatia mguu ndani ya nyumba hii tangu alipokivaa tena kile kiatu, na humu ndani tumepanga upya kila kitu, kitanda, rafu, hata sanduku. Nimezunguka na shuka mkononi, chumba hiki na kile, mimi ninayejua kila pembe ya nyumba, natafuta mahali ambapo bado anapajua.